Kisa cha kwanza kimenikamata, cha pili kimenichefua, cha tatu kimenipita

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu aliye chuoni alinisisitiza nitazame Kinds of Kindness, filamu ya visa vitatu ya Yorgos Lanthimos, kwa kuwa Poor Things yake niliipenda sana. Nikakaa na mume wangu Jumamosi usiku. Kisa cha kwanza kilitukamata, hata chai ilipoa. Cha pili kilinichefua, mume wangu akaenda zake kulala. Cha tatu nilikimaliza kwa ubishi tu na sikukielewa. Mdogo wangu anasema ni kazi kubwa na kwamba mimi sina jicho la sinema. Je, mimi ndiye nisiyeelewa au filamu ndiyo mbovu? Huyo R.M.F. anayetajwa kwenye kichwa cha kila kisa ni nani? Na kama kisa cha mwisho kinaitwa "R.M.F. Anakula Sandwichi", mbona sandwichi yenyewe sikuiona? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. La sandwichi nitalijibu mwisho. Jibu lake ni fupi, na linakuhusu wewe kuliko linavyoihusu filamu.

Hayo mengine ni marefu kidogo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa chumba cha uhariri, kukata na kuunga picha, na siku hizi nawafundisha vijana kazi hiyohiyo, kwa hiyo utanivumilia nikijibu kifundi. Filamu hii nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilinuna. Mara ya pili nilicheka peke yangu mpaka nikajishuku. Mara ya tatu nilishika kalamu, na nilichoandika mwishoni hakitofautiani sana na barua yako: cha kwanza kimetimia, cha pili kina hila, cha tatu kina picha nzuri zinazotafuta kisa. Mdogo wako usimgombeze, ila asikutishe.

Kuna kosa moja ambalo si lako. Uliingia ukiitarajia Poor Things, na karibu kila mtu aliingia hivyo. Poor Things ilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2023, ikabeba Oscar nne Machi 2024, mojawapo ya Emma Stone. Miezi miwili tu baadaye, Mei 2024, Lanthimos akatokea kwenye tamasha la Cannes na filamu nyingine, na humo wamo tena Stone, Willem Dafoe na Margaret Qualley. Ungedhani ni mwendelezo. Lakini Poor Things iliandikwa na Tony McNamara kutoka riwaya ya Mskoti Alasdair Gray, na McNamara huyohuyo ndiye aliyeshiriki kuandika The Favourite ya 2018. Huyo ni mtu wa maneno. Wahusika wake wanasutana kwa ufasaha, nawe unacheka pamoja nao. Kinds of Kindness Lanthimos ameiandika na Mgiriki mwenzake wa siku nyingi, Efthimis Filippou, na hao wawili wakikaa meza moja, chumba kinapoa.

Wawili hao ndio walioandika Dogtooth ya 2009, ambayo kama hujaiona nakuomba usianze nayo usiku. Wazazi wamewafungia watoto wao, watu wazima kabisa, ndani ya ua, na wamewafundisha lugha ya uongo: "bahari" ni kiti cha ngozi chenye mikono ya mbao, "zombi" ni ua dogo la njano. Watoto hawaombi kutoka, maana hata maneno ya kuombea wamepewa yakiwa yamepindishwa. Baadaye wakaandika Alps, The Lobster na The Killing of a Sacred Deer, na kote humo watu wanazungumza kama mtu anayemsomea jirani namba za LUKU. Anakuambia mtoto amekufa kwa sauti ileile anayoulizia kama kuna chumvi. Kwa hiyo wewe na mumeo mlidhani mmefungua chupa ya pili ya kinywaji kilekile, kumbe mmerudishwa kwenye pipa la zamani, la kabla ya umaarufu.

Na sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna shida yetu ya ziada. Kule tulifundishwa sheria moja tu ya sinema: steringi hafi. Sasa huyu bwana anamuua Emma Stone kwenye kisa cha pili, na baada ya dakika chache anamleta akiendesha gari la zambarau kwa mwendo wa kichaa. Jesse Plemons ni mfanyakazi kwenye cha kwanza, polisi kwenye cha pili, mfuasi wa dhehebu kwenye cha tatu. Majina yanabadilika, nywele zinabadilika, sura ni zilezile, na kichwa chako kinaendelea kubeba maiti za kisa kilichopita. Hiyo ndiyo hesabu ya mwongozaji, na Plemons ameibeba vizuri mno, ndiyo maana Cannes walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Lakini hesabu hiyo ina gharama. Diwani ya hadithi fupi unaweza kuifunga ukaenda kupika, ukarudi kesho. Hapa ni saa mbili na dakika 44 bila kupumua, na kisa cha tatu kinakukuta umeshachoka.

Hicho cha kwanza kilichopoza chai yenu nitakikalia kidogo, maana ukielewa kwa nini kimekushika, utaelewa pia kwa nini vingine vimekuachia.

Robert ameajiriwa na Raymond, huyo Dafoe. Kila siku anapokea maelekezo: ale nini, asome nini, amwingilie mkewe saa ngapi. Imekwenda hivyo kama miaka kumi. Lanthimos ameeleza kwamba wazo lilimjia aliposoma Caligula, tamthilia ya Albert Camus, akajiuliza inakuwaje mtu mmoja ashike maisha ya wengine kwa kiasi kile. Ila badala ya mfalme wa Roma ametuletea bosi mwenye ofisi nzuri. Bosi anamfokea Robert kwa kupungua uzito, kwa sababu machoni pake hakuna kichekesho duniani kama mwanamume mwembamba. Bosi anatoa zawadi pia: raketi ya tenisi iliyovunjwa na John McEnroe, helmeti ya Ayrton Senna. Zitazame hizo zawadi ukipata nafasi. Kila moja ni kumbukumbu ya hasira au ya ajali, imesafishwa, imewekwa kama pambo. Bosi anayekusanya vitu vilivyogongwa, siku moja anamwagiza mfanyakazi wake akamgonge mtu, huyo R.M.F.

Robert anagonga, ila kwa woga, gari linabonyea na watu wanapona. Anaambiwa arudie kwa kasi ya kuua. Anakataa. Na hapo Raymond hakasiriki. Anamwachia tu. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu filamu ya kawaida ingeleta majambazi na bastola, na hii inamletea Robert uhuru wake mkononi, naye hajui aushike upande gani. Mkewe anaondoka baada ya kuungamiwa kwamba mimba zake hazikuwa zikiharibika zenyewe, ilikuwa amri ya bosi. Robert anakwenda baa kutafuta mtu wa kuzungumza naye, na anajifanya ameumia, kwa sababu ndiyo hila pekee anayoijua ya kumpata mwanamke, na hiyo nayo alifundishwa na bosi. Anampata Rita, kisha anagundua kwamba Rita amepewa ile kazi aliyoikataa yeye, na ameifanya. Wivu unaomshika si wa mapenzi. Ni wa mfanyakazi aliyemkuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Mwisho anamtoa yule R.M.F. hospitalini, anamlaza chini na kumkanyaga kwa gari, anarudi nyuma, anamkanyaga tena. Kisha anakwenda kukumbatiwa kama mwana mpotevu.

(Nimewahi kufanya kazi chini ya bosi wa aina hiyo. Hakunituma kuua mtu, ila alikuwa akituagizia hadi chakula cha mchana, wote sahani moja. Nilipoacha kazi, wiki ya kwanza nilisimama mbele ya mama ntilie nikashindwa kuchagua kati ya wali na ugali. Kwa hiyo Robert simcheki sana.)

Darasani nina kipimo kimoja cha kitoto. Chukua tukio, chukua linalofuata, weka katikati yake maneno "kwa hiyo". Yakikaa, kisa kinatembea. Yakikataa ukalazimika kuweka "halafu", andika pembeni, na ukikuta "halafu" nyingi mfululizo ujue mtazamaji wako ameanza kutazama simu. Kisa cha Robert kipitishe hapo, hakina "halafu" hata moja: alikataa, kwa hiyo akaachwa, kwa hiyo akaungama, kwa hiyo akabaki peke yake, kwa hiyo akaenda baa. Ubaya wote ule unateleza kama maji kwenye mfereji, na wewe umekaa hapo unaona kabisa unakoelekea.

Cha pili. Daniel ni polisi, mkewe Liz amepotea baharini, anaokolewa na kurudishwa nyumbani, na Daniel anaamini aliyerudi siye. Viatu vya zamani haviingii. Chokoleti aliyokuwa akiichukia sasa anaila. Daniel anasusa chakula, kisha anamwambia Liz ajikate kidole ampikie. Naye anajikata, kidole gumba, anakiandaa na koliflawa. Kisha anaombwa ini.

Kuchefuka kwako ni jibu sahihi, sina la kulirekebisha. Mpiga picha Robbie Ryan hatikisi kamera wala hafichi kitu, na ile sahani imepangwa kwa upole wa mke anayempikia mume mgonjwa. Upole huo ndio unaopandisha kichefuchefu. Ila kabla hujakitupa kisa chote, rudi kwenye ndoto anayosimulia Liz, ya kisiwa ambako mbwa ndio mabwana na watu ndio wanyama. Anasema mbwa waliwatendea vizuri. Chakula kizuri kilikuwa nyama ya kondoo lakini kilikuwa kinawaishia, chokoleti haikuisha kamwe, basi akajizoeza kula kile kisichoisha. Kwangu hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote ya filamu nzima, na yanapita haraka, bila muziki. Mwanamke anakueleza waziwazi kwa nini atakikata kidole: mume huyu ndiye chokoleti yake. Hampendi kama kondoo. Ni kwamba yupo.

Hila sasa. Ukisema mume ni mwehu, viatu vinakupinga. Ukisema mke ni bandia, unamkumbuka Daniel akiwa kazini, anampiga mtu risasi ya mkono halafu anaramba damu yake, na unajiuliza kama macho ya mtu huyu yanafaa kuaminiwa. Liz anakufa akitoa ini, mlango unafunguliwa, Liz mwingine anaingia mzima na wanakumbatiana. Wengi wanaliita fumbo hilo. Mimi naliita kujifungulia milango miwili kisha kutorokea dirishani. Fumbo la kweli hukubana pande zote mbili. Hapa kila upande umeachwa na tundu la kupitia, ili mwandishi asidaiwe na yeyote. Inanisumbua kwa sababu ile hotuba ya chokoleti ilistahili kisa kinachothubutu.

Cha tatu ndipo ninapoachana na mdogo wako kabisa.

Emily na Andrew ni wafuasi wa dhehebu la Omi na Aka. Wanakunywa maji yaliyodondoshewa machozi ya viongozi wao, na wametumwa kumtafuta mwanamke anayeweza kufufua wafu, ambaye lazima awe pacha aliyefiwa na mwenzake. Emily ameacha mume na binti kwa ajili hiyo. Pitisha kipimo: wanampima mmoja, anashindwa. Halafu Emily anaota bwawa la kuogelea. Halafu anakwenda kuchungulia nyumba yake ya zamani. Halafu mumewe anamwekea dawa kwenye kinywaji na kumbaka. Halafu viongozi wake wanasema amechafuka, wanamfukuza. Halafu pacha mmoja anajirusha kwenye bwawa lisilo na maji ili mwenzake atimize sharti. Halafu Emily anamkata mbwa mguu ili apate sababu ya kwenda kwa pacha aliyebaki, ambaye ni daktari wa mifugo. Na kwa taarifa yako, filamu hii ilipokuwa ikipigwa, mwishoni mwa 2022 kule New Orleans, ilijulikana kwa jina la And, yaani "na". Sijui kama mchezo huo walikuwa wakijichezea wenyewe, ila kisa cha tatu kinalistahili jina hilo kuliko lililobaki.

Lile tukio la mume na dawa sijalisamehe hata baada ya kutazama mara tatu. Limewekwa kama kijino cha gia, lisukume hadithi kutoka hatua hii kwenda ile. Likishasukuma, filamu hailitazami tena usoni. Mwongozaji anayependa kuchokoza ana haki ya kunionyesha kitu kibaya, lakini akinionyesha kibaya kuliko vyote humo ndani, basi na yeye asigeuze macho kabla yangu. Kwenye cha kwanza hakugeuza. Kwenye cha pili alikitazama kidole mpaka mimi ndiye niliyegeuka.

Tena kuna jambo ambalo Lanthimos hana kosa nalo. Filamu ilikuwa imeshapigwa kabla ya Aprili 2023, pale msitu wa Shakahola, Kilifi, ulipoanza kufukuliwa, na ikafika zaidi ya miili 400. Watu walifunga kula kwa neno la mhubiri mpaka wakafa, na watoto wao. Wewe uko Morogoro, mimi niko pwani, na nina hakika ulipoona yale maji kwenye chupa ulikumbuka chupa nyingine zinazouzwa huku kwa jina la upako. Kwa Mgiriki wa Athens, dhehebu la maji ya machozi ni kichekesho cha kubuni. Mtazamaji wa huku haachi mlangoni yale anayoyajua. Kwa hiyo uliposhindwa kucheka mahali ambapo sinema ilikuwa imeacha nafasi ya kicheko, usijiandikie kasoro ya jicho.

Sitaki nikidhulumu kisa hicho, kina vya kwake. Piano ya Jerskin Fendrix, ile inayogongwa kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea ndani ya kinanda, inafika kilele humo. Stone anavyocheza peke yake kwenye maegesho baada ya kumpata aliyemtafuta, mikono na miguu kila kimoja na njia yake, ni furaha ya kweli, na ndiyo furaha pekee safi kwenye filamu nzima. Kisha anaingia kwenye lile gari la zambarau akiwa na mfufuaji wake, anaendesha kama alivyoendesha tangu mwanzo, na anagonga, na yule mwanamke anarushwa nje kwa kioo cha mbele. Aliyekuwa na uwezo wa kufufua amekufa, na wa kumfufua hayupo. Kichekesho kizuri sana, kilichongojewa saa nzima.

R.M.F. ni nani? Anayemcheza ni Yorgos Stefanakos, rafiki wa mwongozaji, wala si mwigizaji wa kazi. Hazungumzi karibu kabisa. Herufi zake zimedariziwa kwenye shati tangu mwanzo na filamu haifafanui zinasimamia nini. Usihangaike na mitandao inayodai imezifumbua. Kwa Kiswahili chetu yeye ni Fulani bin Fulani. Anauawa kwenye cha kwanza kwa sababu bosi wa mtu mwingine ametaka, na inasemwa kwamba yeye mwenyewe amekubali kufa. Kwenye cha pili ndiye rubani wa helikopta iliyomrudisha Liz. Kwenye cha tatu ni maiti mochwari, anafufuliwa ili kuthibitisha kipaji cha mwingine. Vichwa vyote vitatu vya visa vina jina lake, na hakuna kisa hata kimoja kinachomhusu. Hao wengine wote, Robert, Liz, Emily, wana nafasi ya kusema hapana, na kila mmoja anahangaika usiku na mchana asiitumie. Wanauita wema kile wanachofanya ili wasifukuzwe. Fulani haitwi mwema wala mbaya. Anabebwa tu.

Sasa sandwichi. Binti yangu, ulizima mapema. Majina yalipoanza kupita ulinyanyua rimoti, au programu yenyewe ikakurukia na kuanza kukutangazia filamu nyingine. Mdogo wako anayekusema huna jicho, muulize na yeye kama aliiona. Rudi pale mwisho, acha majina yapite, ungoje. Utamwona R.M.F. ameketi na mkate wake, hakuna aliyemtuma, hakuna anayempima uzito, anakula mwenyewe, na tomato sosi inamdondokea kwenye shati, kifuani, ukiitazama kwa mbali utadhani ni damu. Mwamshe na mume wako, ni fupi.